Miaka Kumi Nikiendesha na Hita

Mtua, shambani, asubuhi

Mwanangu Somoe,

Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo kanuni hiyo imenigomea. Wewe hujawa mbali bado. Saa hizi uko Nachingwea mjini, unapiga picha za pasipoti na kumuaga shangazi yako, na jioni utakuwa nyumbani. Hofu yote iko kwangu. Kesho alfajiri nakupeleka Ruangwa kwenye basi, na keshokutwa, Mungu akipenda, utakuwa Moshi. Unakwenda kusomea majokofu na viyoyozi mahali ambapo baridi inapatikana bure. Nimekutania hivyo wiki nzima, maana nisipotania nitalia, na mama yako atasema uzee umenianza mapema.

Naandika nikiwa ndani ya kebini ya trekta. Nimelisimamisha pembeni mwa shamba, mlango nimefunga. Mvua ya usiku imelowesha udongo, naupa muda ukauke kidogo kabla sijaingiza plau. Daftari nimeliegemeza kwenye usukani, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimekunywa kitu.

Mambo ya kula nini, kulala saa ngapi na nani wa kumwazima nguo, nimemwachia mama yako. Amekwisha kukuambia yote, na yale aliyosahau atakuambia kesho dirishani pa basi huku dereva anapiga honi. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu mkono wako wa kushoto, na maneno niliyoyasema hospitali siku ulipovunjika. Ukweli wake wewe unaujua, mimi naujua, mama yako haujui. Nimejiapiza kwamba leo akiniletea chakula cha mchana hapa shambani nitamwambia. Nikishindwa, barua hii naichana. Umebeba siri yangu tangu una miaka tisa, siwezi kukupa na barua ya siri uongeze kwenye mzigo.

Nianze na joto, kwa sababu yote yalianzia kwenye joto.

Trekta hili lilipofika ulikuwa na miaka minane. Lilikuwa mtumba wa Ulaya, limezungukwa vioo pande zote, ndani lina kiyoyozi, redio isiyoshika stesheni hata moja, na tundu la kuwekea kikombe cha chai. Watu walikuja kulitazama mpaka wa vijiji vya jirani. Mimi nikaingia, nikafunga mlango, nikawasha kiyoyozi mbele ya hadhara, nikapunga mkono kama mgombea. Kibaridi chenyewe kilikuwa cha kubahatisha, lakini nani atakubali mbele ya watu? Nilishuka nikijifanya natetemeka. Wewe ndiye pekee uliyenigusa shavu ukasema, "Mbona una jasho, baba?" Nikakuambia ni furaha.

Mwezi wa pili hata kile kibaridi kikaisha. Nikaita fundi, akajaza gesi. Wiki moja, joto. Akaja tena, akajaza tena, joto. Mara ya tatu akakuna kichwa akasema trekta hili lina tabia ya kula gesi, na mimi nikaridhika na jibu hilo, kwa sababu lilinipa kitu cha kulaumu. Ndani ya vioo vile, mwezi wa kumi na mbili, saa nane mchana, mtu unaiva. Nilikuwa nashuka jioni shati limeganda chumvi. Siku moja kule Kilimarondo nilifika mwisho wa mstari nikagundua sikumbuki hata nilivyogeuza trekta. Hiyo ilinitisha. Kesho yake nikachukua spana, nikang'oa milango yote miwili na kioo cha nyuma, na mkanda wa kiyoyozi nikaukata kwa kisu. Mama yako alifurahi, akakitumia kile kioo kufunikia banda la kuku. Milango nikaiegemeza nyuma ya choo.

Basi upepo ukawa unapita, na mimi nikawa naringa. Niliwaambia madereva wenzangu kwamba Wazungu hawajui jua, mimi nimelitengeneza trekta upya kwa spana namba kumi na saba. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza, joto lile lilikuwa linatoka wapi hasa. Jua lipo, vioo vipo, tukaona maelezo yametosha.

Sasa nafika penyewe.

Ilikuwa likizo. Tulikwenda Kilimarondo pamoja, mimi kulima, wewe kunisindikiza, kwa sababu tangu udogoni ulikuwa hukosekani mahali penye chuma na grisi. Ulikaa kwenye kiti kidogo ubavuni mwangu, umeshika kile chuma cha mbele, umetulia kabisa. Kufika mchana shingo ilikuwa imenikaza, kila nikigeuka kutazama plau nyuma naona nyota. Nikakuambia, "Mama, toka hapo, ukae kwenye madigadi, hapo juu ya gurudumu, unitazamie nyuma. Ikizama sana uniambie." Ukaniuliza, "Nishike wapi, baba?" Nikasema, "Shika popote, hatuendi mbio."

Maneno yenyewe ni hayo. Nimeyaandika yote ili asitokee mtu siku moja akakuambia ulikumbuka vibaya.

Kwenye kugeuza mwisho wa mstari gurudumu la mbele lilipanda kisiki. Trekta likainama, likainuka, na nilipotazama upande wako hukuwepo. Mlango ungekuwepo usingeweza hata kukaa pale. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nilipozunguka nilikukuta umelala, gurudumu kubwa limesimama hatua moja kutoka kichwani pako, na mkono umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Hukulia. Ulisema, "Plau ilikuwa haijazama, baba." Ulikuwa bado uko kazini.

Unamkumbuka Masanja. Mwaka ule ndio kwanza familia yake ilikuwa imefika na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, watu tunawatazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa anachunga pale karibu. Alikuja mbio, akakata vijiti viwili, akauvua mgolole aliojitanda, akaufunga nao mkono wako huku anasema, "Pole mayu, pole, usiuangalie, niangalie mimi." Mayu kwao ni mama. Mimi, baba yako, nilikuwa nimesimama nimeshika funguo. Yeye ndiye aliyetupakia kwenye pikipiki yake mpaka zahanati, na kutoka hapo tukapelekwa hospitali ya mjini.

Mama yako alifika jioni amevaa kandambili mbili za rangi tofauti. Hakuniuliza kitu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hakuniuliza. Alikuwa anakutazama wewe tu, na mimi nikafungua mdomo mwenyewe nikasema, "Nilimkataza. Kapanda mwenyewe kwenye madigadi, mimi natazama mbele." Wewe ulikuwa macho. Ulinitazama kidogo, halafu ukageukia ukutani.

Nilijiambia ni maneno ya jioni moja tu, mama yako akishapoa nitamwambia. Ukarudi nyumbani na plasta, nikasema plasta ikitolewa nitamwambia. Ikatolewa, tukaona kiwiko hakinyooki, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa, kwa sababu uongo ulikuwa sasa na mkono uliopinda wa kuonyesha. Siku ile mama yako alipokukuta umepanda trekta limesimama uani akakuteremsha kwa makofi, mimi nilikuwa nimekaa barazani. Nilimsikia anasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nilimsikia. Niliinuka nikaenda kutazama kuku.

Kuanzia siku ile ukawa Mkaidi. Kwa shangazi zako, kwa bibi, shuleni, hata wale watoto wadogo wa jirani wasiojua jina lako la kweli. Nimekupa jina la mama yangu mzazi, halafu nikaliacha lifunikwe na lingine ambalo lilinistahili mimi. Na juzi tu hapa, mama yako anakukunjia nguo, akakuambia, "Huko uendako uuache ukaidi, mkono huo ukukumbushe." Ukajibu, "Sawa mama," ukaendelea kukunja. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilikwenda kukaa kwenye trekta bila kuliwasha.

Sijui kwa nini hukusema. Nimejitungia majibu mengi. Mara nasema ulinipenda, ulinilinda. Mara nasema uliona mtoto akisema hivi na baba akisema vile, ataaminiwa baba, kwa hiyo hukuona faida. Nikiwa mkweli naliogopa hilo la pili, maana likiwa ndilo, basi sikukuvunja mkono tu.

Uongo nao hauna adabu, ukiuweka sebuleni unahamia chumbani. Masanja alikuwa ameona. Hakusema kitu kwa mtu, lakini mimi nilijua kwamba anajua, na hilo likanifanya nimchukie mtu aliyemwokoa mwanangu. Nikikutana naye mnadani nageuza njia. Alinijia misimu mitatu mfululizo akiomba nimlimie ekari zake, kila mara nikamwambia trekta lina ratiba. Watu wakisema hawa wafugaji hivi, hawa wafugaji vile, nami nilitikisa kichwa, tena kwa nguvu kuliko wenye mashamba yaliyoliwa. Wewe ulikuwa unamsalimia. Ulikuwa unampa shikamoo mbele yangu na kumwuliza ng'ombe hawajambo, na mimi nakuambia tuondoke, tumechelewa.

Halafu ukamaliza kidato cha nne, ukaenda Ruangwa kwa fundi wa mafriji. Mama yako alisema ni kazi ya wanaume, mimi nikakutetea, na usinisifu kwa hilo. Nilikuwa nalipa kidogo kidogo, kwa siri, kwa njia isiyoniumiza. Miezi kumi uliyokaa kule nyumba ilikuwa kimya mno. Nilikuwa nakuja Ruangwa kutafuta vipuri ambavyo sivihitaji, ili nikukute umekaa chini kati ya mafriji ya soda yaliyofunguliwa migongo, uso umejaa vumbi, unaniambia, "Shikamoo baba, leo umekuja kununua nini tena?" Ulikuwa unajua. Nilinunua mkanda wa feni mara nne.

Septemba ulirudi na begi la vifaa vya kuazima, ukasema unataka kulitazama trekta. Nikacheka. Nikakuambia kiyoyozi kile kilikwisha kufa, na fundi amekwisha kukizika mara tatu. Ukasema, "Sijaja na gesi, baba. Liwashe tu lichemke." Nikaliwasha. Ukazunguka injini unagusagusa, ukafika kwenye ile mipira miwili myembamba inayoingia ndani ya kebini, ukaishika, ukaniita niishike. Ilikuwa inaunguza.

"Hii inapeleka nini ndani?" ukaniuliza.

"Mishipa tu ya trekta."

"Ni maji ya moto, baba. Inapeleka maji ya rejeta kwenye hita. Koki yake imekatika waya, imebaki wazi."

Sikuelewa. Ukanieleza taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari, kwamba huko lilikotoka kuna theluji, dereva anahitaji kupashwa moto, na kwamba hita na kiyoyozi vinakaa kwenye sanduku moja, upepo unapita kwa huyu kisha kwa yule. Kile kibaridi cha siku ya kwanza kilikuwa kinapozwa na huyu, kinachemshwa na mwenzake. Kwa hiyo mimi, hapa Nachingwea, mwezi wa kumi na mbili, miaka kumi, nilikuwa nimewasha hita. Nilikaa chini kwenye tairi. Ulijitahidi usicheke, mwishowe ukashindwa, na mimi nikacheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Gesi ilijazwa mara tatu, milango ikang'olewa, mtoto akaanguka, na kilichotakiwa ni kufunga maji ya moto. Baada ya kucheka sikupata usingizi siku mbili.

Sikuandikii hili ili upate somo la ufundi, wewe ndiye mwalimu hapo. Nakuambia tu nilivyojiona. Mimi nikibanwa na kitu huwa nakimbilia kuondoa kilicho karibu na mkono. Nikisikia joto, natoa mlango. Nikiulizwa, hata kabla ya kuulizwa, natoa uongo. Nafuu inakuja upesi, ndiyo inayonidanganya. Wewe si mtu wa hivyo, nashukuru Mungu, sijui umeitoa wapi subira yako.

Ulifanya kazi wiki nzima. Maji ya moto ukayakatia njia kule kule kwenye injini, ukaiunganisha ile mipira miwili yenyewe kwa yenyewe. Darini mwa kebini ukatoa filta imeziba salfa inayopulizwa kwenye mikorosho mpaka imekuwa ya njano, na nyuma yake kiota cha panya, tena panya wenyewe wakiwa nyumbani. Ile rejeta ndogo ya kiyoyozi ilikuwa imejaa makapi ya ufuta, ukaiosha kwa maji ya taratibu ukanikataza kutumia brashi ya waya. Ukaweka mkanda mpya, mmoja wa ile niliyonunua Ruangwa bila kazi. Ukapaka povu la sabuni kwenye maungio, likatoa mapovu sehemu mbili, hapo ndipo gesi ya yule fundi ilipokuwa inapotelea. Paa ukalipaka rangi nyeupe. Gesi ukaiweka mwisho kabisa, kwa mizani, si kwa kukisia. Na pembeni ya ile mipira ukaandika kwa herufi kubwa BABA USIGUSE. Nimekutii mpaka leo.

Halafu ukasema unataka milango.

Nikakuambia baridi imekuja, milango ya nini. Ukanijibu kwa utani, "Bila milango utakuwa unapoza mkoa mzima wa Lindi." Ukaenda nyuma ya choo, ukaitoa, ukaisugua kutu, ukanunua raba mpya za kuzungushia, ukaifunga mwenyewe, na kile kioo cha nyuma ukakitoa kwenye banda la kuku ukakirudisha mahali pake. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini nanoa jembe, nakutazama bila wewe kujua. Ulipomaliza mlango wa kushoto uliingia ndani ukaufunga. Ukauvuta kitasa kwa ule mkono usionyooka. Ukafungua, ukafunga, ukausukuma kwa bega. Kisha kwa mguu. Kisha ukajitupa nao kwa uzito wako wote, kama mtu aliyepepesuka. Ulirudia hivyo nikahesabu mara saba. Mtu anayejaribu baridi hafanyi hivyo.

Ndipo nikaelewa kwamba kiyoyozi hukukitengeneza kwa ajili ya kiyoyozi. Ulijua mlango utarudi tu siku joto litakapoisha, ukaanza na joto. Ulishuka ukafuta mikono, ukaniuliza, "Vipi, baba?" Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikajibu, "Umeziba vizuri." Nilikuwa na neno kubwa, nikatoa hilo dogo.

Tangu hapo nimelima kwenye baridi. Na nitakuambia kitu ambacho hukukitegemea. Humu ndani siku hizi ni kimya. Zamani kila mtu njiani alikuwa ananiita, nasikia kanga wakikimbia kwenye majani, nasikia wewe unapiga kelele kutoka uani. Sasa nasikia feni tu. Shati langu ni kavu, kichwa hakiniumi, na kila nikigeuka kulia kile kiti kidogo kiko kitupu. Nimeanza kukukosa wakati bado unalala chumba cha pili. Sijui itakuwaje keshokutwa.

Wiki iliyopita nilikwenda Kilimarondo kwa Masanja. Sikukuambia. Nilimwambia nimekuja kumlimia ekari zake, kama bado anahitaji. Alinikaribisha maziwa, kisha akaniuliza, "Yule binti, mkono ulinyooka?" Nikamwambia haukunyooka, lakini anafanya nao kazi. Akatikisa kichwa. Halafu akaniuliza, "Na mama yake siku hizi anajua?"

Nikamwuliza anajua nini.

"Mzee, mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye kichuguu. Upepo ulikuwa unakuja kwangu. Nilisikia unamwambia akae." Akaninywesha maziwa mengine. "Sikumwambia mtu. Si mambo yangu. Lakini binti nikimwona anavyoitwa huko sokoni, nasikia vibaya."

Nilimlimia siku mbili. Yeye hajanidai neno zaidi ya hilo. Ila njia nzima ya kurudi niliwaza kwamba mtu baki anasikia vibaya kwa jina unaloitwa, na mimi niliyekuzaa nimeweza kulizoea.

Naona mama yako anakuja kule kwenye kichochoro cha mikorosho, ana beseni kichwani. Naacha hapa.

Mchana, pale pale

Nimemwambia.

Nilishuka, tukakaa kwenye ukingo wa shamba. Alileta ugali wa muhogo na kunde. Nilikula matonge mawili, nikaona nikila la tatu sitasema, nikasema. Nilisema vibaya, nikaanzia katikati, ikabidi nianze upya. Alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria. Nilipomaliza akasema, "Rudia hapo kwenye nishike wapi."

Nikarudia.

"Akakuuliza nishike wapi."

"Ndiyo."

"Ukamwambia shika popote."

"Ndiyo, Mama Somoe."

Akaifunika sufuria. Kisha akasema, "Siku ile nampiga, wewe ulikuwa barazani. Nakumbuka ulikuwa barazani." Nikasema ndiyo. Akakusanya vyombo, na sufuria bado ina ugali, akaviweka kwenye beseni, akaondoka. Hakutukana. Ningefurahi angenitukana. Nimemwona anakwenda kwa haraka mpaka akapotea kwenye mikorosho.

Nilirudi kwenye trekta nikalima mistari, hata sijui mingapi, imepinda yote, kesho watu wataicheka. Nilikuwa najiuliza kama nimekusaidia wewe au nimejipunguzia mimi mzigo nikamtwisha yeye. Bado sijui. Kisha nikamwona amesimama mbele ya trekta, katikati ya shamba, mikono kiunoni. Anasema kitu, nami sisikii kwa sababu ya vioo vyako. Nikazima. Akapanda, akakaa kwenye kiti chako kidogo, akafunga mlango. Macho yamemvimba. Akatazama lile daftari.

"Unamwandikia?"

"Ndiyo."

"Basi na mimi niandikie. Uandike ninavyosema, usinipambie."

Kwa hiyo haya yanayofuata ni yake.

"Andika: Somoe mwanangu, ni mimi mama yako. Baba yako ameniambia leo. Nilikupiga bila kukuuliza. Hilo si la baba yako, hilo ni langu mwenyewe."

Nikaandika.

"Andika: lile jina nililitoa mimi, nitaliondoa mimi. Nitapita kwa shangazi zako wote, mmoja mmoja, na kwa bibi, na baba yako nitakwenda naye, akaseme kwa mdomo wake."

Nikaandika na hilo. Nikamwuliza kama usiku huu tutakaa nawe tuzungumze. Akasema hapana. Akifungua mdomo usiku huu, kesho hutapanda basi, na basi ni lazima ulipande. Ameniambia nikupe barua hii pale stendi, uisome ukishaipita Lindi, ukiwa huwezi kurudi.

Nikamwuliza niandike kwamba tunakuomba utusamehe. Akanishika mkono wenye kalamu.

"Usiandike hivyo. Namjua mwanangu. Ukimwandikia hivyo atapiga simu hapo hapo kwenye basi aseme yameisha, mama, msijali, na atatuachia tukae na raha zetu, yeye abaki nayo tena. Mwandikie asitusamehe kwa simu. Asome shule yake. Likizo ikifika aje, atukalishe chini wote wawili, aseme kila kitu ambacho miaka yote hii hakukisema. Hata kama ni kuja kutugombeza tu, aje."

Hayo ni ya mama yako, sijapunguza neno. Mimi nimeandika mengi tangu asubuhi, na sasa naona la kwangu ni hilo hilo la mwisho. Uje, mwanangu.

Baba yako